Kufa Kufaana

Methali zetu nyingi zimejaa huruma, lakini iko moja iliyo kavu kama jiwe. Wahenga walisema, "Kufa kufaana," wakaishia hapo. Maana yake ni nyepesi kuielewa na nzito kuimeza: msiba wa mmoja huwa riziki ya mwingine. Mtu akifa, seremala hupata kazi ya jeneza, mshona sanda hupata ujira wake, na mwenye duka la karibu huuza sukari na majani ya chai kuliko siku zote. Hakuna awezaye kuwalaumu watu hawa. Jeneza halina budi litengenezwe, na fundi wake hana budi ale. Walakini msiba unapokuwa wa nchi nzima, ukame au gharika, tufani au maradhi ya mifugo, methali hii huacha kuwa neno la mzaha matangani ikawa swali la haki. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyepata faida kwa sababu jirani yake aliangushwa na balaa ambalo hakuna binadamu aliyelileta, je, anadaiwa chochote na jirani huyo?

Yamkini msomaji atajibu upesi kwamba hadaiwi. Kama hakulileta balaa, deni litoke wapi? Jibu hili lina nguvu, wala sitalipuuza. Lakini kwanza na tuangalie jinsi balaa linavyoendelea kufanya kazi yake baada ya kwisha. Tufani hupita kwa siku moja. Mafuriko hukauka baada ya majuma machache. Hata ukame, ulio mvivu kuliko wenzake wote, una mwisho wake, na siku mvua inaponyesha watu husema, "Taabu imekwisha." Miaka 30 baadaye kijana huuliza kwa nini ukoo wao hauna shamba wala ng'ombe, ilhali ukoo wa ng'ambo ya mto una vyote viwili, naye huambiwa, "Ni ile njaa." Mimi silikubali jibu hili. Njaa haina kalamu ya kutia sahihi, wala haina zizi la kufungia ng'ombe wa watu. Njaa humlegeza mtu mkono tu; kile kilichoanguka kutoka mkononi mwake huokotwa na mwingine.

Tunao mfano mkubwa hapa hapa katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kali iliipiga Unguja. Pepo za namna hiyo si za kawaida katika bahari yetu. Huzaliwa kusini zaidi, na aghalabu huelekea Madagaska na Msumbiji, kwa hiyo watu wa Unguja hawakuwa na mazoea nazo. Merikebu na majahazi yaliyokuwa bandarini yalipasuliwa au kutupwa pwani, na miongoni mwayo zilikuwamo merikebu za Sultani Barghash, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 2 katika ufalme wake. Lakini hasara iliyodumu ilikuwa mashambani. Mikarafuu na minazi iliyopandwa kwa muda wa zaidi ya miaka 40 iling'olewa na kuvunjwa, hata mashamba mengine yakawa kama uwanja wa vita.

Mkarafuu si muhindi, ambao hupandwa leo ukavunwa baada ya miezi michache. Mche wake hukaa ardhini miaka 6 hadi 8 kabla ya kutoa mavuno ya kwanza, na miaka mingi zaidi kabla ya kuzaa kwa ukamilifu. Mwenye shamba wa Unguja aliyepanda upya mara tu baada ya tufani alikuwa akitazamia mavuno yake ya kwanza karibu na mwaka 1880, na katika muda huo wote alikuwa na watu wa kulisha na madeni ya kulipa. Wengi walikuwa wamekwisha weka mashamba yao rehani kwa wenye mitaji wa mjini, maana kabla ya tufani karafuu zilikuwa nyingi mno na bei yake ilikuwa chini. Sasa bei ilipanda, nao hawakuwa na cha kuuza.

Kisiwa cha Pemba, ambacho ni safari fupi tu upande wa kaskazini, kiliguswa kidogo sana na upepo ule. Wenye mashamba wa huko waliamka wakakuta mikarafuu yao imesimama, na soko zima linawatazama wao. Hawakuuomba upepo, wala hawakumdhuru mtu yeyote wa Unguja kwa kuamka salama. Wakapanda mikarafuu mingine, na baada ya miaka si mingi Pemba ikaipita Unguja kwa mavuno. Mpaka leo haijarudi nyuma. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar bado hutoka Pemba. Siku moja ya upepo iligawa kazi ya visiwa viwili kwa zaidi ya miaka 150.

Mpaka hapa sioni kosa la mtu. Bahati si dhambi. Lakini karafuu haijichumi yenyewe. Lazima ichumwe kwa mkono kabla kitumba chake hakijafunguka kuwa ua, mti mmoja hupandwa zaidi ya mara moja katika msimu, kisha karafuu huchambuliwa kwenye vikonyo na kuanikwa juani. Shamba jipya hutaka mikono mipya, na katika siku zile mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Tarehe 5 Juni 1873, zaidi kidogo ya mwaka mmoja baada ya tufani, Sultani Barghash, akisukumwa sana na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kuyafunga masoko yao. Mtu angedhani kwamba mambo yaliishia hapo. Lakini bei ya karafuu ilisema kwa sauti kubwa kuliko mkataba. Watumwa walitembezwa kwa miguu kandokando ya pwani kuelekea kaskazini; wengine walibakizwa katika mashamba ya nafaka ya Takaungu na Malindi, katika pwani yetu wenyewe, na wengine walivushwa usiku kwa majahazi mpaka Pemba. Waingereza waliweka meli ya kivita iitwayo London katika bandari ya Unguja ili kuwakamata wavushaji, na mwaka 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba katika kazi hiyo. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Zanzibar mpaka 1897, na katika pwani ya Kenya mpaka 1907.

Fikiri basi, msomaji, juu ya mtoto aliyekamatwa karibu na Ziwa Nyasa miaka 3 baada ya tufani ile. Hajaiona bahari tangu azaliwe, wala hajui karafuu ni kitu gani. Walakini upepo uliopiga kisiwa asichokijua hata kwa jina umekwisha kuongeza bei ya mtu kama yeye. Hasara ya Unguja na faida ya Pemba zote zilitiwa juu ya mgongo wake. Vitabu husema kwamba tufani ilikihamisha kilimo cha karafuu. Ni kweli nusu. Tufani iling'oa miti, lakini aliyekihamisha kilimo ni mwenye shamba aliyeiona faida, asitake kuuliza inabebwa na nani.

Sasa tuiache pwani tupande bara, maana huko nako balaa lilipata warithi. Miaka ya 1890 ilikuwa mibaya sana katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Sotoka, maradhi ya ng'ombe yaliyoingia Afrika kwa upande wa Uhabeshi mwishoni mwa miaka ya 1880, iliwamaliza ng'ombe wa Wamasai na wa majirani zao. Kisha, kuanzia 1897 hadi 1899, mvua zilikosekana, nzige wakala kilichobaki, na ndui ikawafuata watu waliokwisha dhoofika. Katika Ukambani na katika Kiambu familia nyingi ziliteketea. Wanawake na wasichana waliwekwa rehani kwa watu wenye chakula, kwa matumaini ya kukombolewa siku za neema. Wakikuyu wengi wa Kiambu waliosalia walirudi kaskazini kwa jamaa zao, upande wa Murang'a na Nyeri, ambako hali ilikuwa afadhali. Hawakuuza ardhi yao, wala hawakumpa mtu. Waliondoka kama mtu aondokavyo katika nyumba inayowaka moto, akiwa na nia ya kurudi.

Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, njaa ikiwa bado haijakwisha. Wageni walioshuka katika gari la moshi miaka michache baadaye waliona vichaka vikiota juu ya mashamba ya juzi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilimpa Kamishna wa Serikali uwezo wa kuwauzia au kuwakodisha walowezi ardhi ambayo wenyeji hawakuwa wakiikalia. Neno hilo, "kuikalia", ndilo lililofanya kazi yote. Kwa Mkikuyu, githaka ni mali ya mbari hata likilala bila jembe; mwenye haki akienda mbali, haki yake hubaki ikimngoja. Kwa mwandishi wa sheria, mtu asiyeonekana shambani hakuwa na shamba. Mvua ziliporudi na watu wakarejea, wengi walikuta sehemu za ardhi yao zina wenyewe wapya. Wengine wakakubaliwa kukaa humo kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba, wakilima chakula chao juu ya udongo wa babu zao kwa ruhusa ya mgeni. Ndio walioitwa maskwota.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kwamba njaa ndiyo iliyoleta ukoloni. Wakoloni walichukua ardhi ya watu hata mahali palipokuwa na shibe. Lakini njaa iliwapa udhuru, na udhuru huishi kuliko njaa. Wamasai nao waliingia katika mikataba ya 1904 na 1911, iliyowahamisha kutoka malisho yao, wakiwa ni watu ambao katika muda mfupi tu uliopita walikuwa wamepoteza ng'ombe na vijana wao kwa maelfu. Tume ya Carter, iliyofanya kazi tangu 1932 na kutoa taarifa yake mwaka 1934, ilikuwa bado ikiwasikiliza wazee wakieleza nani alikuwa wapi kabla ya njaa. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, ardhi ilikuwa ndiyo kiini cha ugomvi. Ukame uliowatoa watu Kiambu ulikuwa umekwisha zaidi ya miaka 50 nyuma.

Kwa hiyo lile jibu la upesi, kwamba asiyelileta balaa hadaiwi, limeanza kuchechemea. Mwenye shamba wa Pemba hakuuleta upepo. Mlowezi hakuizuia mvua. Mtu aweza kuwa hana hatia ya balaa lenyewe, akawa na hatia ya alilolifanya alipowakuta wenzake wameanguka.

Lakini hao ni mabwana wa watumwa na walowezi, na ni rahisi mno kuwahukumu watu wasiofanana nasi. Kipimo cha kweli ni mtu wa kawaida, ambaye huenda ni baba yako au mjomba wako, au wewe mwenyewe miaka 10 ijayo.

Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana kaskazini na mashariki mwa Kenya kwa misimu 5 mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa, na watu zaidi ya milioni 4 walihitaji msaada wa chakula kabla mvua hazijarejea mwaka 2023. Katika ukame kama huo soko la mifugo hufuata njia moja inayojulikana. Kwanza malisho ya karibu na visima huisha. Wafugaji huwazuia ng'ombe wao wasiuzwe, maana kila mmoja anatumaini kwamba msimu ujao utakuwa mwema. Msimu ujao nao ukikosa, wote huenda mnadani kwa wakati mmoja, na kila mmoja ameleta ng'ombe ambaye mbavu zake zaweza kuhesabiwa kwa mbali. Bei ya ng'ombe huanguka. Wakati huo huo gunia la mahindi, lililotoka mbali kwa lori, hupanda bei. Mfugaji hupigwa na pande zote mbili za mizani: alicho nacho hakina thamani, na anachohitaji hakishikiki.

Mchumi wa Kihindi, Amartya Sen, ambaye alikuwa mtoto wakati wa njaa kuu ya Bengal ya mwaka 1943, alilieleza jambo hili kwa makini katika kitabu chake Poverty and Famines, kilichotoka mwaka 1981. Alionyesha kwamba watu waweza kufa kwa njaa na chakula kipo sokoni, kwa sababu kile walicho nacho, ikiwa ni kazi ya mikono yao au ni mifugo, hakibadilishiki tena kwa chakula cha kuwatosha. Huko Bengal wakulima wadogo waliuza vipande vyao vya ardhi ili wapate kula. Njaa ilipokwisha, ardhi ilibaki kwa wanunuzi.

Basi yuko mtu ambaye tutamwita mnunuzi. Si mwizi. Ana lori, ana malisho katika nchi yenye mvua, na ana fedha alizozipata kwa jasho lake. Anafika mnadani wakati wa ukame, ananunua mitamba 20 kwa bei ambayo katika mwaka mwema isingempatia mitano, anawapakia, anaondoka. Je, ametenda haki?

Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu swali hili. Wengi walimtetea mnunuzi, na walimtetea vizuri. Walisema kwamba bila yeye ng'ombe wangekufa na mwenyewe angebaki na ngozi tu. Walisema kwamba lori lina gharama, kwamba baadhi ya ng'ombe hufia njiani, na kwamba bei ile haikuwekwa na mnunuzi bali iliwekwa na wingi wa wauzaji. Msichana mmoja aliongeza kwamba mnunuzi akilipa bei kubwa kwa ajili ya huruma, atanunua ng'ombe wachache, na wafugaji wengine watarudi nyumbani mikono mitupu. Sikuona kosa katika hoja hizi hata moja. Ndipo kijana mmoja wa jamii ya wafugaji, ambaye alikuwa kimya muda wote, alipouliza, "Mvua ikinyesha, mtu huyo atakubali kuniuzia ng'ombe yule yule kwa bei ile ile, nami nimlipe na gharama ya majani aliyomlisha?" Wenzake wakacheka wakasema kwamba hakuna mfanyabiashara wa namna hiyo. Akasema, "Basi alimwokoa ng'ombe. Hakuniokoa mimi."

Sijasikia swali zuri kuliko hilo katika darasa langu, wala sina hakika kwamba ninaweza kulijibu lote. Lakini naona limegusa mahali penyewe. Mfugaji anapouza dume la kuchinja amefanya biashara. Amefanya hivyo katika miaka myema pia. Anapouza mtamba ameuza maziwa ya watoto wake, ameuza mahari, ameuza kundi zima ambalo lingetoka katika tumbo la mnyama huyo. Bei aliyopewa ni ya nyama na mifupa. Zile mali nyingine zote zimepita bila kulipiwa, na zimepita kwa sababu moja tu, kwamba siku ile muuzaji hakuweza kungoja. Ni kweli alisema "nimekubali" kwa kinywa chake. Lakini kukubali kwa mtu ambaye watoto wake hawajala tangu jana ni kukubali kwa namna gani? Sheria huita hayo mapatano. Dhamiri huona vigumu kuyaita hivyo.

Nimekuwa nikiitazama tena ile methali tangu siku ile. Neno "kufaana" ni la watu wawili au zaidi; kama vile kupendana na kusaidiana, halikamiliki kwa upande mmoja. Seremala na wafiwa hufaana kweli, maana yeye hupata ujira nao hupata jeneza. Lakini yule mwenye lori na yule mwenye ng'ombe hawakufaana. Mmoja amefaa, mwingine amefaidi. Wahenga hao hao walitumia kitenzi hicho hicho waliposema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," nami nashangaa kwamba methali ya kwanza tunaikumbuka sokoni na hii ya pili tunaiacha kwenye madaftari ya shule.

Iko pia hasara isiyokomboleka kwa bei yoyote. Wachunguzi waliwafuatilia watoto wa vijijini nchini Zimbabwe ambao walikuwa wadogo sana wakati wa ukame wa 1982 hadi 1984. Waliwakuta, walipokuwa vijana, ni wafupi kuliko walivyopasa kuwa, na wamesoma madarasa machache zaidi. Chakula kilichokosekana kwa miezi kadhaa kilikuwa kimeandikwa katika mifupa yao na katika vyeti vyao. Hapa kwetu, ukame unapokaza, mvulana hutolewa shule aende mbali na mifugo, na msichana huweza kuozwa mapema kwa kuwa mahari italisha wadogo zake. Ng'ombe aliyeuzwa huweza kununuliwa mwingine. Msichana aliyekuwa darasa la saba mwaka 2022 na sasa ni mama wa watoto wawili hana mnada wa kwenda kuinunua miaka yake.

Wengine watasema kwamba ninamdai mtu mmoja deni la nchi nzima, na wana haki ya kusema hivyo. Tukimlazimisha kila mnunuzi arudishe ng'ombe kwa bei ya njaa, mwaka ujao hakuna lori litakalokuja, na ng'ombe watakufa wote. Kwa hiyo mzigo huu hauwezi kuwa wa mnunuzi peke yake. Waborana wamelijua jambo hili tangu zamani. Wana desturi iitwayo busaa gonofaa, ambayo kwayo ukoo humchangia mifugo mtu aliyepoteza yake, ili abaki kuwa mfugaji miongoni mwa wafugaji. Naipenda desturi hii kwa sababu ya wakati wake. Haiishii katika kumlisha mtu siku ya njaa; hungoja vumbi litue, kisha huuliza nani amebaki bila kitu. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji wenye kutoa, na katika ukame wa misimu 5 hata wenye kutoa hutafuta wa kuwapa.

Serikali na washirika wake wamejaribu njia nyingine. Bima ya mifugo ilianzishwa Marsabit mwaka 2010: mitambo ya angani hutazama rangi ya malisho, na nyasi zikikauka kupita kiasi mwenye bima hulipwa, bila mtu yeyote kwenda kuhesabu mizoga. Katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kaya maskini zimekuwa zikipewa fedha kwa utaratibu maalumu. Ni mambo mema, nami nisingependa kusikia mtu akiyadharau. Lakini misaada yetu mingi bado ina tabia moja mbaya: huja wakati picha za mizoga zimekwisha kuenea, na mvua ya kwanza huifukuza kama inavyofukuza vumbi. Hesabu ya zizi haifuati mvua. Ng'ombe hubeba mimba miezi 9. Ndama jike huhitaji miaka kama 3 au 4 kabla naye hajazaa. Familia iliyobakiwa na ng'ombe mmoja mvua zilipoanza mwaka 2023 itakuwa bado inajenga kundi lake wakati sisi wengine tumekwisha sahau jina la ukame ule, na huenda ukame mwingine ukaja kabla haijamaliza.

Jambo la ajabu ni kwamba sheria yetu tayari imekubali, katika upande mmoja, kwamba bei ya mtu aliyebanwa si siri ya watu wawili. Sheria ya udhibiti wa ardhi ya mwaka 1967 inataka mauzo ya ardhi ya kilimo yapate kibali cha bodi ya eneo, na bodi yapasa kukataa ikiona kwamba masharti, pamoja na bei yenyewe, yanamwonea waziwazi mmoja wao. Najua kwamba bodi nyingi hazilitazami jambo hili kwa makini linalostahili. Lakini neno limeandikwa, na mkulima aliyebanwa na njaa anaweza kulisimamia. Katika nchi ya wafugaji, mali ya mtu haimo katika udongo, na ng'ombe hana bodi ya kumwombea kibali. Huuzwa mnadani asubuhi, na kabla ya adhuhuri yumo ndani ya lori.